Nyaraka Zetu, Mashine, na Mgongo wa Karatasi

Neno linalosikika sana katika afisi zetu siku hizi ni "tumeshaingiza kwenye mfumo." Mwananchi akienda kuulizia cheti, hati au jalada, hujibiwa kwa neno hilo, na aghalabu hulipokea kwa furaha kwani huliona kuwa ni dalili ya maendeleo. Nasi pia twayapokea maendeleo hayo. Lakini, ndugu msomaji, liko swali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha, nalo ni hili: huyo aliyeingiza, alifundishwa nini kabla hajaingiza?

Mwaka jana nilifuatana na mjomba wangu, mtu aliyepindukia miaka sabini, kwenda katika afisi moja kutafuta karatasi ya shamba. Afisi yenyewe sitaitaja, kwani jambo lililotukuta pale lingeweza kumkuta mtu katika afisi nyingi. Shamba ni la eka tatu. Wasomaji wa makamo hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo, lakini kwa ajili ya vijana nitasema kwamba kuanzia mwaka 1965 Serikali ya Mapinduzi iliwagawia wakulima ardhi, kila familia eka tatu, na pamoja na ardhi ikatoka karatasi ya kuthibitisha. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliopewa. Karatasi iliyokuwa nyumbani iliharibiwa na mvua iliyopenya paani, na kwa miaka mingi hakuna aliyejali, kwa sababu mipaka ilijulikana na kila mtu: huku mnazi, kule mwembe, na upande wa tatu njia ya ng'ombe. Sasa njia ya ng'ombe imekuwa barabara ya lami, ardhi imepata bei, na jirani amejenga ukuta uliouvuka mnazi.

Karani aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mjomba shikamoo, akampa kiti chake mwenyewe, akasema, "Usiwe na wasiwasi mzee wangu, karatasi zote tumeshaziingiza kwenye mfumo." Akawasha kompyuta. Tukaona maelfu ya picha, na jina la kila picha ni nambari iliyotiwa na ile mashine ya kupigia picha makaratasi, iitwayo skana. Hapakuwa na jina la mtu, wala shehia, wala mwaka. Kijana akaanza kufungua moja baada ya moja, kama mtu anayetafuta pete mchangani. Adhana ya adhuhuri ilitukuta hapo, tukaenda kusali, tukarudi. Afisi ikafungwa nasi hatujapata kitu.

Usiku ule mjomba akamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa karani wa masjala, ambaye sasa amestaafu. Tulipomtajia jina la babu na kijiji, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo limo katika buku la pili, lile la gamba jekundu, limepita katikati kidogo." Asubuhi yake yule kijana akaitafuta picha ya gamba jekundu, akahesabu kwenda mbele, na kabla ya saa nne karatasi ya babu ikawa mbele ya macho yetu.

Furaha yetu haikudumu. Ukingo wa kulia wa karatasi ulikuwa umekatika katika picha, na huko ndiko yalikoandikwa majina ya majirani wa mpaka. Na mgongo wa karatasi, ambao mjomba anakumbuka kuwa ulikuwa na maandishi ya mashahidi, haukupigwa picha kabisa. Tukauliza asili yake iko wapi. Tukajibiwa kwamba makaratasi yamefungwa katika makatoni na kupelekwa ghalani ili kupata nafasi, kwani sasa yamo kwenye mfumo.

Siandiki haya kumlaumu kijana yule. Alipoajiriwa alionyeshwa kitufe cha kubonyeza, na kitufe alikibonyeza kwa uaminifu tangu asubuhi hadi jioni. Naandika kwa sababu wako wakubwa wetu wa afisi, watu wenye nia njema, wanaodhani kwamba skana ikishanunuliwa kazi ya mtunza nyaraka imepungua. Mimi nasema imeongezeka, na imekuwa ngumu zaidi. Zamani mtunza nyaraka alihitaji kujua makaratasi na watu walioyaandika. Sasa anatakiwa ajue hayo yote, kisha aijue na mashine. Asipoijua mashine, mashine itamwamulia yeye, kama ilivyoamua kwamba karatasi ya babu yangu iitwe nambari tupu.

Hatuanzi kazi hii mikono mitupu. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina asili yake katika mwaka 1956. Humo zimo barua za ubalozi wa Kiingereza wa karne ya kumi na tisa, majalada ya sekretarieti ya wakoloni, kesi za mahkama, mirathi, hati za mashamba, na mkusanyiko wa hati na vitabu vya Kiarabu ambao mwaka 2003 UNESCO iliuandika katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Miaka sita kabla yake, yaani 1997, ziliingia katika orodha hiyo hiyo rekodi za Kijerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam. Nchi yenye hazina ya namna hii haina udhuru wa kusema kwamba utunzaji wa nyaraka ni elimu ngeni kwake. Kilichopungua ni kuiunganisha elimu ile na chombo hiki kipya.

Tuanze na jambo linaloonekana dogo, yaani maelezo. Waraka ukiwa ndani ya kompyuta bila ya maelezo ni sawa na waraka uliopotea, tena ni vibaya zaidi, kwa sababu mtu hudanganyika kuwa upo. Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilitoa kanuni yake ya kuandika maelezo hayo mwaka 1994, kisha likaisahihisha kabla ya karne kumalizika. Kanuni ile ina vipengele 26, lakini yasiyoachika ni sita tu: nambari ya rejea, anwani ya waraka, aliyeutoa, tarehe, wingi wake, na ngazi ya maelezo, kwa maana ya kujua kwamba unaeleza kundi zima, jalada moja au karatasi moja. Lau yule kijana angalifundishwa hayo sita, mjomba wangu asingelala na dukuduku. Na programu ya kuandikia maelezo kwa mujibu wa kanuni hiyo ipo, inatolewa bure, na Baraza lenyewe lilisaidia kuianzisha. Haihitaji zabuni kubwa. Inahitaji mtu aliyesoma.

Hata hivyo kanuni imeandikwa kwa ajili ya dunia nzima, na mtunza nyaraka wa Visiwani anakumbana na mambo ambayo dunia nzima haiyajui. Tazama majina. Mtu mmoja ataandikwa Abdalla katika cheti, Abdulla katika hati ya shamba, na Abdullah katika kesi ya mahkama. Khamis wa Pemba atakuwa Hamisi akishaandikwa na karani wa Bara. Chwaka imeandikwa Chuaka katika makaratasi ya zamani ya Kizungu. Mwanadamu akisoma huelewa mara moja. Kompyuta haielewi mpaka ielezwe, kwani yenyewe hufuata herufi tu. Akina mama ndio walioathirika zaidi. Katika makaratasi ya zamani mwanamke ameandikwa Asha binti Juma, na mjukuu wake leo anamtafuta kwa jina la Asha Juma, mashine inamjibu kwamba mtu huyo hayupo. Hayupo vipi, naye ndiye mwenye minazi ile yote? Mtunza nyaraka anayeijua kazi yake hufungua orodha ya majina yenye kuaminika, akaunganisha namna zote za kuandikwa kwa jina moja, ili atakayeuliza kwa lolote apelekwe panapostahili. Kazi hiyo ni ya kompyuta, lakini haiwezi kufanywa na mtaalamu wa kompyuta asiyejua kwamba Asha binti Juma na Asha Juma ni mtu mmoja.

Tarehe nazo zina shida yake. Hati nyingi za zamani zina tarehe za Hijria, na programu nyingi zina kisanduku kinachokubali tarehe ya Kizungu tu. Nimewahi kuona mahali ambapo mwaka 1300 uliingizwa kama ulivyo, na kwa hesabu ya mashine ile hati ikawa imeandikwa kabla Vasco da Gama hajapita pwani yetu. Mwaka 1300 wa Hijria uliingia Novemba 1882. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo mtu hawezi kutoa idadi moja ya miaka kila mara akadhani amepatia. Inafaa atumie jedwali au programu ya kugeuzia, kisha aandike tarehe zote mbili, ile iliyomo katika waraka na ile iliyogeuzwa, kwani hata jedwali lenyewe huweza kukosea kwa siku moja. Sisi tunaofuata mwezi wa kuandama twayajua hayo. Kila Ramadhani twabishana.

Baada ya maelezo yaja kupiga picha kwenyewe, na hapa nitasema kwa ufupi, maana ni ufundi wa kufundishika katika muda mfupi. Karatasi ipigwe yote, kingo zote nne zionekane, na mgongo upigwe hata ukiwa mweupe, ili atakayekuja ajue kuwa ulikuwa mweupe. Jina la kila picha liseme kundi, jalada, ukurasa, na kama ni mbele au mgongo. Kitabu kilichoshonwa kisibanwe chali juu ya kioo cha skana kikavunjika mgongo. Kiwekwe juu ya mto au kitako maalumu na kamera imulike kutoka juu. Picha ya kuhifadhiwa iwe katika umbo lisilopunguza chochote, kama vile TIFF, na ile ndogo iliyobanwa iwe ya kusomea tu. Nyaraka za kusomwa kama kitabu zina umbo lake, PDF/A, lililowekewa kanuni ya kimataifa mwaka 2005 kwa makusudi ya kudumu. Ambaye hajui tofauti ya maumbo haya atahifadhi nakala hafifu, atafurahi kuwa hazichukui nafasi, na siku ya haja zitakuzwa zisomwe zionekane kama zimefunikwa na ukungu.

Wenzetu wa Lamu wana mfano wa kutazamwa. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango ulioanza mwaka 2004. Hati zenyewe zilibaki Lamu, nakala ndizo zilizosafiri. Jambo hilo ni kubwa kwa watu wa visiwani, sisi ambao kwa muda mrefu tumezoea kuona asili zikiondoka na ahadi zikibaki. Lakini kubakia na asili kunatupa dhamana ya kuzitunza, na picha isifanywe kisingizio cha kuzitupa ghalani zikaliwa na mchwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, nalo ni uhai wa hicho kilichomo ndani ya mashine. Watu wengi huamini kuwa karatasi huoza na kompyuta hudumu. Kisa cha Uingereza kinaonyesha kinyume chake. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wa nchi ile, yalihesabiwa mashamba na mali ya watu, na kitabu kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi bado kinasomeka hadi leo. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, Shirika la Utangazaji la BBC lilikusanya habari za nchi nzima, wanafunzi wa skuli wakashiriki kwa wingi, na yote yakatiwa katika santuri za leza zilizokuwa ufundi wa kisasa wa wakati ule. Haikupita miaka ishirini ikawa vyombo vya kusomea santuri zile vimekuwa adimu mno, na mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakawa wanahangaika kutengeneza programu ya kuigiza kompyuta iliyokwisha zama zake ili habari zile ziokolewe. Ngozi ya miaka 900 haikuhitaji mwokozi wa namna hiyo.

Kwetu mambo ni hayo hayo kwa kiasi chake. Nani asiyejua afisi yenye sanduku la diski laini za miaka ya 1990 na hakuna mashine ya kuzisomea? Kanda za redio na za televisheni nazo zina maradhi yake; joto na unyevu wetu huzifanya zinate na kumeguka, na vichezeo vyake vingi havitengenezwi tena. Mtunza nyaraka wa leo hana budi kujua lini ahamishe habari kutoka chombo kinachokufa kwenda chombo kipya, na namna ya kuthibitisha kwamba katika kuhama hakuna kilichopotea. Kwa uthibitisho huo iko njia nzuri, ambayo naona yafaa kila afisa aijue. Programu husoma faili zima na kutoa mfululizo wa tarakimu na herufi; katika njia moja inayotumika sana mfululizo huo una alama 64. Nukta moja ikibadilishwa ndani ya faili, mfululizo wote hugeuka. Ukiuandika siku ya kupokea, na ukaupima tena baada ya mwaka na baada ya miaka kumi, utajua kama faili limeguswa. Ni kama lakiri juu ya bahasha. Tofauti yake ni kwamba lakiri hii hupimwa kwa mashine, na asiyeipima ni sawa na asiyeitia.

Halafu nakala. Kanuni ya wenye kazi hii ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali. Kwa mtu wa Bara neno "mbali" huenda likawa jengo la pili. Kwetu liwe na maana ya kisiwa kingine. Tusisahau kwamba mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na kwamba kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 umeme ulikatika kwa miezi mitatu kwa hitilafu ya njia inayotuletea umeme kutoka Bara. Miezi mitatu! Jalada la karatasi lilisomeka kwa mwanga wa dirisha muda wote ule. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafariki dunia, jumba ambalo kila mmoja wetu alilidhania la milele. Siyataji haya kwa kutisha. Nayataja kwa sababu mwenye kupanga mahali pa kuweka nakala hapa kwetu anapaswa kuyajua kama anavyojua jina lake, na mtaalamu aliyeletwa na kampuni kuuza seva hayajui.

Hadi hapa nimezungumzia karatasi zilizogeuzwa picha. Liko jambo la pili, nalo ni nyaraka zisizopata kuwa karatasi hata siku moja. Barua za Serikali siku hizi huandikwa, hutumwa na kujibiwa ndani ya kompyuta. Hilo si baya. Baya ni kwamba maamuzi mengi yamehamia katika simu za watu binafsi. Mkubwa huandika katika WhatsApp, "endeleeni na kazi ile," wa chini yake hujibu "sawa mheshimiwa," na hapo fedha za umma zimeshakwenda. Mwaka wa tatu mkaguzi anapouliza idhini iko wapi, mkubwa amehamishwa, na simu imetumbukia baharini katika boti ya Pemba. Zamani masjala haikukubali barua itoke bila nambari ya jalada. Makarani wale, ambao baadhi yetu tuliwacheka kwa ukaidi wao, walikuwa wanailinda Serikali.

Kwa hiyo ujuzi wa mtunza nyaraka hauwezi tena kungoja mpaka jalada lizeeke liletwe Kilimani. Anapaswa awepo siku mfumo unaponunuliwa, aulize: jalada la kielektroniki litafungwa vipi, nani ataweza kulifuta, neno la siri la afisa litabaki kwa nani akihamishwa, na habari zitatoka vipi siku kampuni iliyouza programu itakapofunga duka. Katika vikao vingi vya ununuzi mtunza nyaraka haalikwi. Huletewa mfumo ukiwa umekwishalipiwa, kama mke aliyeozwa akiwa safarini, kisha huulizwa mbona hautumii.

Kuna wanaosema kwamba mashine mpya za akili bandia zitatuondolea taabu yote, zitasoma hati za mkono zenyewe na kuandika maelezo zenyewe. Ni kweli kwamba programu za kusoma hati ya mkono zipo na zinazidi kuwa nzuri. Lakini programu hizo hufundishwa, na hufundishwa kwa kurasa ambazo mwanadamu amekwisha kuzisoma na kuzinakili kwa usahihi. Kwa hati ya Kiingereza ya karani wa kikoloni walimu ni wengi. Kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nacho ndicho walichoandikia wazee wetu barua, wosia na hesabu za karafuu, walimu ni wachache na wanapungua. Mimi nilisoma chuoni kabla sijaingia skuli ya Serikali, na sikudhani kwamba ubao ule niliokuwa nikiuosha kila siku ungekuja kuwa sifa ya kazi. Kijana anayejua kompyuta vizuri na herufi zile vizuri ni mtu adimu kuliko skana kumi, na hatujaweka utaratibu wa kumtafuta.

Nani basi amfundishe? Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu kule Tabora na katika matawi yake mengine. Chuo Kikuu cha Moi huko Kenya kinafundisha sayansi za habari. Jumuiya ya watunza nyaraka wa mashariki na kusini mwa Afrika imekuwepo tangu 1969. Milango ipo. Kilichokosekana ni kifungu katika bajeti za wizara. Nimeona bajeti zenye fedha za mashine, za viyoyozi na za sherehe ya uzinduzi, na mahali pa mafunzo pameandikwa siku mbili, tena zinazotolewa na muuzaji wa mashine. Siku mbili zinatosha kujua kuwasha. Ningependa kuona sharti kwamba hakuna afisi itakayopeleka makaratasi yake ghalani, seuze kuyachoma, mpaka mtunza nyaraka aliyesomea ametia saini kwamba amelinganisha picha na asili, ukurasa kwa ukurasa, mbele na mgongo. Na saini hiyo iwe na jina lake, ili tujue wa kumwuliza.

Nirudi kwa mjomba. Shauri la mpaka bado liko kwa sheha, na ukuta bado umesimama. Tulikwenda tena pale afisini baada ya wiki mbili, na yule kijana alikuwa ameomba ruhusa kwa mkubwa wake akaenda mwenyewe ghalani. Alituonyesha karatasi yenyewe, imeliwa pembeni na mdudu lakini majina ya majirani yamesalimika. Kwenye mgongo palikuwa na mashahidi watatu. Wawili wametia dole gumba, na wa tatu ametia saini kwa herufi za Kiarabu, kijana akashindwa kuisoma. Nilimsomea, akaliandika jina lile kwa penseli katika daftari, kisha akalitia katika kompyuta pamoja na shehia na mwaka. Akaniuliza kama ningeweza kumfundisha herufi zile, kwani katika buku la gamba jekundu saini za namna hiyo ni nyingi. Tumekubaliana Jumamosi baada ya alasiri, naye atanionyesha namna ya kuitumia ile programu ya lakiri.